Skripti Si Mali ya Chumba cha TEHAMA

Katika ofisi za Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Ilemela, ipo kauli isiyopata mpinzani: kuandika programu ni kazi ya watu wa IT. Afisa uvuvi ahesabu samaki, muuguzi ahudumie wagonjwa, mhasibu afunge hesabu, na kompyuta ikihitaji zaidi ya kuwashwa aitwe kijana wa TEHAMA. Wakuu wa idara huisema kwenye vikao vya bajeti. Wahadhiri huisema wanapopanga mitaala. Wafanyakazi wenyewe huisema zaidi ya wote, wengine kwa unyenyekevu na wengine kwa fahari. Kauli hiyo imekosea, na gharama yake hulipwa kila mwisho wa mwezi na watu wasiojua kwamba wanailipa.

Wanaoitetea wana hoja, na ni haki zisikilizwe. Taaluma ni kugawana kazi, na mganga mwenye foleni mlangoni hana saa ya ziada ya kujifunza Python. Excel ipo karibu kwenye kila kompyuta na kila mtu anaijua kidogo. Serikali imejenga mifumo, na mingine inaendelea kujengwa. Skripti ya mtu mmoja inaweza kuharibu hesabu za ofisi nzima, na mtu huyo akihamishwa hakuna wa kuirekebisha. Tena sasa kuna akili mnemba: mwenye shida anaeleza anachotaka, anaandikiwa. Mtu anayeyasema haya si mvivu wala mjinga. Amefika mahali pabaya kwa njia inayoeleweka.

Kabla ya kumjibu, ni vizuri ijulikane kinachozungumzwa. Skripti ni faili la maandishi lenye maagizo, pengine mistari 20 au 30, kwa lugha kama Python au R: fungua mafaili haya kumi na mawili, ondoa safu zilizojirudia, badilisha kilo ziwe tani, jumlisha kwa kila mwalo, toa jedwali. Haihitaji mhandisi wa programu, kama vile barua ya ofisi isivyohitaji mwandishi wa riwaya.

Hoja ya kwanza: kila mtu na kazi yake

Hoja hii inasimama juu ya imani kwamba zana za programu zilitoka kwa watu wa kompyuta na ni mali yao. Historia inakataa. R ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wanatakwimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, waliotaka chombo cha kufundishia wanafunzi wao. Matplotlib, maktaba ya Python inayochora grafu, ilianzishwa na John Hunter, mtaalamu wa mfumo wa neva aliyetaka kuziona ishara za umeme za ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Pandas, ambayo wachambuzi wengi duniani huitumia kushughulikia majedwali, ilianzwa mwaka 2008 na Wes McKinney akiwa mchambuzi katika kampuni ya uwekezaji. Hawa walikuwa na kazi zao, kazi zikawabana, wakaandika.

Kwa watu wa uvuvi ushahidi uko karibu zaidi. Katika nchi za baridi umri wa samaki husomwa kwenye vijiwe vya sikioni, kwa sababu majira ya baridi huacha alama ya kila mwaka. Kwenye maji ya ikweta alama hizo hufifia. Mtaalamu hana budi kutegemea urefu: hupima samaki wengi mwaloni mwezi hadi mwezi, kisha hufuatilia jinsi kundi la wadogo linavyosogea kuelekea urefu mkubwa. Mwaka 1981 Daniel Pauly na N. David walichapisha ELEFAN, programu iliyoandikwa kwa BASIC ili kuifanya kazi hiyo kwa kanuni badala ya kukisia kwa macho. Pauly ni mtaalamu wa samaki. Mwaka 2017 Tobias Mildenberger na wenzake wakachapisha TropFishR, kifurushi cha R kinachoibeba njia hiyo na nyingine za aina yake, na kinapatikana bure. Anayepima sangara Kayenze au Igombe na kusema programu si fani yake anaikana sehemu ya fani yake mwenyewe.

Mfano mwingine uko mashariki mwa jiji, wilayani Magu. Tangu mwaka 1994 wakazi wa Kisesa wamefuatiliwa na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na washirika wao: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, na maambukizi ya VVU yanakwendaje. Kazi ngumu ilikuwa kuiunganisha rejesta hiyo ya kaya na kumbukumbu za kliniki, maana mtu huyohuyo anaweza kuandikwa kwa jina moja nyumbani na jingine kwenye kadi, na mwaka wake wa kuzaliwa ukawa wa kukadiria. Mwaka 2015 watafiti walianza kutumia katika kliniki tatu programu iliyomtafuta mgonjwa kwenye rejesta akiwa bado ameketi mbele ya karani. Miongoni mwa vitu ilivyolinganisha ni jina la balozi wa nyumba kumi.

Jina la balozi. Muuzaji wa mifumo aliyeko mbali asingeliweka kwenye fomu yake, kwa sababu hajui kwamba kijijini ukitaka kumpata mtu unamuulizia kwa balozi wake. Walijua hivyo watu walioishi na rejesta hiyo.

Hicho ndicho kinachopotea kazi inapokabidhiwa chumba cha TEHAMA. Kijana mwenye shahada nzuri ya kompyuta hana sababu ya kujua kwamba kilo za dagaa wabichi hazijumlishwi na kilo za dagaa wakavu. Hajui kwamba usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, hivyo sifuri ya usiku huo ni sifuri ya kweli, si takwimu iliyosahaulika. Ataijaza kwa wastani, kwa nia njema kabisa, na ripoti itaonyesha dagaa waliovuliwa usiku ambao taa hazikuwashwa ziwani. Ripoti hiyo ndiyo itakayotumika kupanga siku za kufunga uvuvi.

Hoja ya pili: Excel inatosha

Hapa ndipo gharama iliyojificha ni kubwa kuliko zote.

Ichukuliwe orodha ya wakulima wa pamba wanaolipwa kupitia chama cha msingi: jina, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya simu, kilo, fedha. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Karani akiiandika bila vistari kwenye seli ya kawaida, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri bila onyo lolote, na hata muundo wa seli ukibadilishwa baadaye hazirudi. Kwa kuwa namba hiyo huanza na tarehe ya kuzaliwa, watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kubaki na namba moja. Namba ya simu inayoanza na 07 au 06 hupoteza sifuri ya mbele. Tarehe iliyoandikwa 5/3 kwa maana ya tarehe 5 Machi husomwa Mei 3 kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani.

Mtetezi atajibu kwamba seli zipangwe kama maandishi kabla ya kuingiza chochote. Ni kweli, na anayejua hufanya hivyo. Lakini faili moja hupita mikononi mwa watu wengi. Hutolewa kwenye mfumo kama CSV, hufunguliwa kwa kubofya mara mbili, huhifadhiwa, hutumwa kwa WhatsApp, hufunguliwa tena kwenye simu. Inatosha mmoja tu asijue. Mkulima ambaye malipo yake yamekwama hataambiwa ni seli ipi iliyomkwamisha. Ataambiwa taarifa zake hazilingani, arudi wiki ijayo.

Nchi tajiri hazikusalimika. Mwaka 2020 wagonjwa 15,841 wa korona huko England waliachwa nje ya hesabu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa sababu matokeo ya maabara yalipakiwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao, lakini watu waliokutana nao walichelewa kutafutwa, wakati ugonjwa ukienea. Mwaka huohuo kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilieleza kwa nini imebadilisha majina kadhaa: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu Excel iliyageuza ya zamani kuwa tarehe. Wanasayansi waliamua kuzipa jeni majina mapya kwa kuwa tabia za watu mbele ya Excel zilishindikana kubadilishwa.

Halafu kuna mkanganyiko ambao watetezi hawauoni. Afisa anayesema hajui programu mara nyingi ndiye aliyeandika fomula yenye IF tano, moja ndani ya nyingine, na VLOOKUP inayovuta bei kutoka jedwali la pili. Hiyo ni programu. Ameiandika mwenyewe, ameijaribu, na inafanya kazi. Tofauti ni kwamba imefichwa ndani ya seli, haina maelezo, na haiwezi kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye safu ya 412 fomula inaweza kuwa imefutwa na namba kuandikwa kwa mkono, na mkaguzi akaipita bila kujua. Kwa hiyo ofisi nyingi tayari zinaandika programu, tena nyingi. Zinaziandika mahali ambapo ni vigumu kuliko popote kuzikagua.

Hoja ya tatu: mfumo upo

Mifumo ipo kweli. Takwimu za MTUHA, yaani taarifa za huduma za afya, huanza kwenye rejesta za karatasi, hujumlishwa mwisho wa mwezi, kisha huingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi nyingi. Lakini mfumo hujibu maswali ambayo waliouagiza waliyauliza tangu mwanzo. Tuseme mganga mfawidhi wa zahanati moja katika kisiwa cha Ukara anataka kujua kama akina mama huchelewa kuanza kliniki katika miezi ambayo ziwa limechafuka na kuvuka ni hatari. Swali ni zuri, na majibu yake yanaweza kuokoa maisha. Haliko kwenye orodha ya ripoti. Ili lijibiwe, takwimu lazima zitolewe nje ya mfumo na kuwekwa kando ya takwimu za upepo, ambazo ziko kwa taasisi nyingine na kwa muundo mwingine. Mganga asiyeweza kufanya hivyo ana njia mbili: aombe wizara iongeze ripoti, au aache kuuliza. Wengi wameacha.

Upande wa fedha hali ni hiyohiyo. Mapato yako kwenye mfumo mmoja, matumizi kwenye mwingine, taarifa ya benki ni PDF, na miamala ya simu ni PDF nyingine. Mifumo haiongei. Anayeiunganisha ni binadamu, anayekopi na kupesti wiki nzima ya mwisho wa mwezi, macho yakiwa mekundu. Mwajiri aliyekataa kutoa siku kumi za mafunzo kwa madai kwamba wafanyakazi hawana muda ndiye anayelipa mishahara ya wiki hiyo, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Gharama hiyo haionekani kwenye bajeti kwa sababu imeandikwa kama kuandaa ripoti.

Hoja ya nne: akiondoka, je?

Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi, na wanaoshabikia programu huikimbia. Skripti mbovu hurudia kosa lake mara elfu moja kwa sekunde. Aliyeiandika akihamishiwa Kigoma, waliobaki hawajui pa kuanzia.

Lakini ofisi inayoogopa hivyo ijiulize alichoacha mhasibu wake aliyestaafu, yule aliyejua kwa kichwa kwamba safu fulani hupunguzwa kabla ya kujumlishwa na kwamba jina la mteja fulani limeandikwa kwa namna tatu. Hakuacha kitu. Hatua zake zilikuwa mikononi na kwenye kumbukumbu yake, zikaondoka naye kwenye sherehe ya kumuaga. Skripti, hata mbaya, ni maandishi. Kila hatua iko wazi, kwa mpangilio, na mgeni anaweza kuisoma polepole, akaikosoa na kuirekebisha. Hatari wanayoitaja ipo, ila inatokana na ofisi kuwa na msomaji mmoja. Kauli kwamba programu ni ya watu wa IT ndiyo inayohakikisha kwamba hatapatikana wa pili.

Hoja ya tano: akili mnemba itaandika

Itaandika, na kwa kasi. Swali ni nani ataweka sahihi. Afisa anayewasilisha makadirio ya samaki waliovuliwa anawajibika kwa kila tarakimu, na hawezi kuwaambia wakubwa wake kwamba mashine ilichagua kufuta safu zenye sifuri. Mashine itazifuta sifuri za usiku wa mbalamwezi kama ambavyo kijana wa TEHAMA angezijaza, kwa sababu ileile: haijawahi kufika mwaloni. Asiyeweza kusoma mistari 20 hawezi kuligundua hilo. Tena anayebandika orodha ya wagonjwa au wakulima kwenye huduma iliyoko nje ya nchi ili asaidiwe kuisafisha anazitoa taarifa za watu ambao hawakuridhia, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Skripti inayofanya kazi ndani ya kompyuta ya ofisi haimpeleki mgonjwa popote.

Malalamiko yanayobaki ni madogo. Kiingereza: Python ina maneno maalumu yapatayo 35, na wanaolalamika walifanya mitihani yao ya chuo kwa Kiingereza. Bando: Python na R zikishawekwa hufanya kazi bila intaneti, na huweza kubebwa kwenye flashi.

Hoja ya mwisho: kazi za hapa ni ndogo

Inasemekana kwamba haya ni ya maabara za Ulaya na benki za Marekani, na kwamba kazi za kanda ya ziwa hazina takwimu nyingi kiasi hicho. Anayesema hivyo alitazame ziwa. Kila usiku wa giza maelfu ya wavuvi wa dagaa hutoka na taa, na dhoruba za Ziwa Viktoria hupiga zaidi usiku. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walionyesha, kwa kutumia picha za setilaiti za kuanzia 2005 hadi 2013, kwamba mvua za radi za mchana kwenye nchi kavu inayolizunguka ziwa husaidia kubashiri ukali wa dhoruba ya usiku unaofuata juu ya maji. Setilaiti za Meteosat walizozitegemea hupiga picha kila baada ya dakika 15. Hizo ni picha 96 kwa siku, kwa miaka tisa. Hakuna jopo la watu wenye Excel ambalo lingefikia matokeo hayo. Taaluma yenyewe ya hali ya hewa imekwisha kuamua: mwaka 2019 kituo cha NCAR cha Marekani, kilichokuwa na lugha yake ya kuchambulia hali ya hewa iitwayo NCL, kilitangaza kuhamia Python.

Mwanza nayo ina historia yake ya takwimu. Kati ya mwaka 1991 na 1994 utafiti uliofanyika katika jamii 12 za mkoa huu ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa kiasi cha asilimia 40, na matokeo yakachapishwa kwenye The Lancet mwaka 1995. Mkoa uliobeba kazi ya uzito huo hauwezi kuambiwa kwamba takwimu zake ni ndogo.

Na lawama haziishii kwa wakuu wa idara. Wanaouza kozi za Python kwa vijana wa jiji hili wanaieneza kauli ileile kwa mlango wa nyuma. Humwahidi kijana kwamba ataiacha fani yake na kuwa mtu wa programu, alipwe kwa dola. Humpa mazoezi yanayotumika dunia nzima, abiria wa Titanic na vipimo vya maua ya iris, kana kwamba hakuna kitu cha kupimwa kati ya Kirumba na Nansio. Mwanafunzi wa uvuvi anamaliza kozi akijua kubashiri nani alinusurika kwenye meli ya mwaka 1912, na hawezi kusafisha orodha ya urefu wa sangara. Kisha anarudi ofisini na kuwaambia wenzake kwamba hayo mambo hayahusiani na kazi yao.

Yanayotakiwa yanajulikana na si ghali. Ofisi inayotangaza zabuni ya mfumo iweke sharti kwamba takwimu ghafi zitoke kwa CSV wakati wowote bila kumwita mkandarasi. Kompyuta za kazini ziruhusiwe kuwekwa R na Python, ambazo zote ni bure. Skripti yoyote inayozaa namba ya kwenye ripoti isomwe na watu wawili kabla ya ripoti kutiwa sahihi, na ihifadhiwe pamoja nayo kwenye faili. Na mwanafunzi wa chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi, kabla ya kupewa cheti, achukue urefu wa samaki aliowapima mwenyewe mwaloni, aandike maagizo ya kuwachambua, na msimamizi wake ayasome mstari kwa mstari na kuyapa alama kama anavyofanya kwa ripoti yenyewe.